Hai kwa Sehemu

Moyo wa Swedi Kimolo ulikuwa ukila saa tisa alasiri, na Nyemo Chilongani hakupenda kuuchelewesha.

Asubuhi alifundisha baiolojia kidato cha pili katika shule moja ya kata upande wa magharibi wa Dodoma. Kengele ya mwisho ikilia, alipanda baiskeli yake akavuka mji, upepo wa Agosti ukimrushia vumbi machoni, mpaka kwenye jengo jeupe lililokuwa nyuma ya mashamba ya zabibu. Huko hakuwa mwalimu. Alikuwa msaidizi wa utafiti wa muda, wa alasiri na Jumamosi, ingawa mkuu wa maabara, Dk. Mbonea Kiangi, hakuacha kumwita Mwalimu.

Siku hiyo alinawa mpaka viwikoni, akavaa koti na glavu, akazipulizia spiriti, kisha akafungua kabati la joto na kuvuta sahani ya kioo.

Ndani yake ulilala utando mpana kama kiganja, mwembamba kama utandu wa maziwa yaliyochemka, wenye rangi ya waridi iliyopauka. Ulikuwa ukipiga. Ukisinyaa, ukiachia, ukisinyaa, ukiachia, bila kifua cha kuufunika wala damu ya kuisukuma. Lishe ya jana ilikuwa imegeuka njano kwa uchafu wake. Nyemo aliifyonza taratibu, akamimina nyingine nyekundu, akatazama mapigo yakiyumba kidogo kisha yakishika mwendo.

Kwenye ukingo wa sahani palikuwa na jina: Swedi Kimolo, wa Kondoa. Si namba. Sheria ya Sehemu Hai haikuruhusu namba.

Kutoka kwenye utando huo walikata viraka. Mtoto ambaye homa ya baridi yabisi imeuacha moyo wake na makovu alishonewa kiraka, nacho kikashika mapigo yake na kumsaidia kusukuma damu. Tando nyingine walizowahi kuotesha zilichoka baada ya miezi michache zikanyamaza. Na mara nyingi mwili wa mtoto ulizikataa kama macho yanavyokataa mchanga. Wa Swedi ulikuwa na miaka mitatu. Haukuchoka, wala hakuna mtoto aliyekuwa ameukataa. Kwa nini, hakuna aliyejua, hata Dk. Mbonea.

"Hodi humu ndani!"

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hajambo?"

Bi Kuruthumu, mama yake Swedi, alikuwa amefika na basi la Kondoa kama alivyofika kila mwezi. Sheria iliwapa ndugu haki ya kutembelea. Mara ya kwanza alipokuja alisimama nyuma ya kioo akakodoa macho, mwishowe akasema, "Sioni mtu," akageuka kwenda zake. Nyemo alimwonea huruma. Alitafuta kinasa sauti kidogo, akakibandika chini ya sahani, akakiunganisha na spika. Sauti ikajaa chumbani: dup, dup, dup. Tangu siku ile mama hakukosa.

Leo aliketi kwenye kiti chake karibu na spika, akajitengeneza mtandio, akaanza kutoa habari. Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Paa la jiko limeezekwa upya. Mzee wa jirani amepata nafuu ya mguu. Nyemo alirudisha sahani kabatini akafunga mlango. Baada ya muda mfupi mapigo yakaenda mbio.

"Umesikia?" Uso wa mama uling'aa. "Nimemtajia mbuzi, amefurahi. Tangu utotoni anawapenda."

Nyemo alitabasamu. Alijua kwamba sahani ikitolewa hupoa, na ikirudi kwenye joto mapigo huongezeka. Yangeongezeka hata kama chumbani asingekuwepo mtu. Hakuwahi kulisema hilo.

"Basi nitamwambia Mwajabu nyumbani kwamba mumewe anamsalimu," mama alisema akinyanyuka.

*

Mwajabu mwenyewe alikuja wiki iliyofuata, bila kupanga na mtu.

Nyemo alimkuta amesimama mlangoni, mwanamke mrefu mwenye miaka thelathini na kitu, baibui lake limechakaa mabegani. Hakutaka kuingia. Wakaenda kukaa nyuma ya jengo, kwenye ukuta mfupi wa matangi ya maji, ambako mashine za baridi zilinguruma.

"Wewe ndiye Mwalimu Nyemo?"

"Ndiye mimi, dada. Karibu."

"Mimi ni mke wa Swedi." Akavuta baibui mabegani. "Au mjane wake. Nimekuja uniambie lipi."

Mwajabu hakusubiri jibu, akaanza kueleza. Swedi alikuwa fundi wa pampu za jua. Alianguka kutoka kwenye mnara wa tangi. Mwajabu ndiye aliyemwagia maji ya mwisho mwilini, kwa mikono yake. Wanaume waliotoka makaburini walimwambia wamemfukia, naye akaingia eda, akakaa, akaitoka. Sheikh wa mtaa wao alimwambia kwa upande wa dini amemaliza. Kisha akaenda kwa msajili kuchukua cheti cha kifo, akapewa Cheti cha Sehemu, kinachosema mumewe bado yu hai kwa sehemu.

"Wakaniambia nisubiri, hizo tishu huchoka zenyewe baada ya miezi michache. Nimesubiri. Ya Swedi haichoki." Alicheka bila furaha. "Hata alipokuwa hai alikuwa hachoki."

"Pole sana, dada."

"Kuna mtu wa Babati, fundi cherehani, amefiwa na mkewe, ameniposa mara mbili. Mara zote msajili ananiambia, mama, wewe ni mke wa mtu."

"Na ukiomba talaka?"

"Nani anipe? Kile kipande?" Mwajabu alimgeukia. "Na hata ningepewa, siitaki. Swedi hakunikosea kitu. Nimwache kwa kosa lipi? Mimi sitaki kuachwa, Mwalimu. Nataka kufiwa."

Mashine zilizima, zikawaka tena.

"Nyumbani tunakaa wawili, mimi na mama. Kila akitoka hapa ananiletea salamu za mume wangu. Jioni anamtengea chakula. Nikitaka kulia, naona nitamlilia mtu ambaye mama yake ametoka kuzungumza naye." Akashusha sauti. "Ukiacha kumlisha, atakaa muda gani?"

"Siku mbili. Labda tatu."

"Na nani angejua?"

Nyemo alitazama mikono yake. Ni kweli, hakuna ambaye angejua. Tando zilikufa mara kwa mara kwa sababu zisizoeleweka. Angesema huu umenyamaza kama zile nyingine, na watu wangesikitika, wangeendelea.

"Kuna watoto wanangoja viraka," alisema. "Wapo wodini sasa hivi tunavyozungumza. Siwezi, dada. Niombe lingine."

Mwajabu alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyelitarajia jibu hilo na hakuwa amelikasirikia. "Lingine lipo. Nimepeleka ombi la kufunga Sehemu, nipate cheti cha kifo. Msajili atakuita wewe. Hatamwita daktari wako, sheria inasema wakubwa wa maabara wana masilahi yao. Anaitwa yule anayelisha kwa mkono. Atakuuliza unachokilisha ni Swedi au si Swedi." Alisimama akajifuta vumbi. "Mimi sikuombi useme uongo. Ila kabla hujajibu, ufikirie."

*

"Utajibu ni yeye," Dk. Mbonea alisema. "Kuna jibu gani lingine?"

Alikuwa mwanamke mnene wa Kipare, wa makamo, mwenye sauti ya chini na tabia ya kuvua miwani anapotaka kusikilizwa. Sasa miwani ilikuwa mezani.

"Daktari, hakuna hata seli moja pale iliyowahi kukaa kifuani kwa mtu yule. Zile za kwanza zilikwisha zamani. Hizi zimezaliwa kwenye kioo."

"Na wewe, Mwalimu? Ngozi uliyozaliwa nayo iko wapi? Damu uliyokuwa nayo ukinyonya iko wapi? Imekwenda yote, imekuja nyingine. Mbona hatujakuzika?"

Nyemo alivuta kiti akaketi.

"Ulikuwa mtoto kabla ya Sheria ya Sehemu Hai, hukuyaona," daktari aliendelea. "Mtu akifa hospitali, kesho yake ngozi yake, mboni zake, mishipa yake, vinapanda ndege. Ndugu wakija kuuliza tunawaonyesha makopo yenye namba. Ndiyo bunge likasema, tishu inayofanya kazi yake kama ilivyofanya mwilini, hiyo bado ni mwenyewe. Ni mtu. Mtu hauzwi, hasafirishwi, haitwi kwa namba. Hicho ndicho kinachowazuia wenye viwanda wasiingie mlango ule. Wanaufahamu utando wa Swedi. Wameuliza zaidi ya mara moja. Siku utakaposema si yeye, ni kitu, watakuja kuuchukua, na watawashonea watu wa kwao kwanza."

"Hatuwezi kuunyamazisha? Usipige, usihesabike tena kuwa yeye, lakini uendelee kuwepo?"

"Tulijaribu kabla hujaja. Tishu iliyonyamazishwa haishiki mapigo ya mtoto. Inakaa moyoni kama mgeni aliyekosa lugha."

"Na Mwajabu?"

Dk. Mbonea alichukua miwani, akaifuta kwa pindo la koti ingawa ilikuwa safi. "Mwajabu anaonewa," alisema. "Sikatai. Sheria ilitungwa kumlinda mumewe, na hakuna aliyewaza kwamba atakuja mtu ambaye moyo wake haukubali kuchoka. Lakini nikipima upande huu na upande ule..."

Hakumaliza. Nyemo aliona kwamba daktari naye hakupenda mahali mzani ulipolalia.

Asubuhi iliyofuata darasani wanafunzi walikuwa wakiimba sifa za kiumbe hai kwa sauti moja: kula, kupumua, kukua, kuzaana, kuhisi, kujongea, kutoa taka. Nyemo alisimama na chaki mkononi, akiuhesabia utando sifa moja moja. Ulikuwa nazo zote. Kitabu kilimwambia wazi kwamba ni hai. Hakikuuliza ni nani.

*

Alijiambia kwamba lolote atakalomwambia msajili, hawezi kulisema mbele ya mama kabla hajalisema kwa mama. Jumapili akapanda basi la Kondoa.

Nyumba ya akina Kimolo ilikuwa mteremkoni, kuta zake zimepakwa udongo mwekundu. Bi Kuruthumu alimpokea kwa vigelegele, akamwita mlezi wa mwanangu, akamketisha kwenye mkeka ulio bora. Mwajabu alileta ugali wa uwele na mlenda, akakaa kando na ungo wa mchele. Nyemo alikula kwa adabu, tonge zikimkwama. Aliponawa alisema, "Mama, nimekuja na neno."

"Sema, mwanangu."

"Ni juu ya kile ninachokilisha." Alitafuta pa kuanzia, akaanza kama anavyoanza darasani. "Siku ile daktari alitoa kifuani kwa Swedi kipande kidogo, kama punje ya hindi. Kile kikajigawa. Moja ikawa mbili, mbili zikawa nne. Zile za mwanzo zikafa, za pili zikaendelea, nazo zikafa. Unachokisikia sasa hakijawahi kuwa ndani ya mwanao. Hata chembe."

Mama alimtazama bila kupepesa. "Lakini ananisikia. Nikimsemesha anakwenda mbio."

"Ni joto, mama. Nikifunga mlango wa kabati, linapata joto, mapigo yanaongezeka. Hata asiposema mtu."

Mwajabu aliacha kupepeta.

"Ulijua tangu lini?" mama aliuliza.

"Tangu siku ya kwanza."

"Na ukaniacha nikae pale, nimhadithie habari za mbuzi."

"Niliona unafurahi, mama. Nisamehe."

Bi Kuruthumu aligeuza uso akatazama uani, ambako wale mapacha wa mbuzi walikuwa wakigombea titi. Alitazama muda mrefu, hata Nyemo akadhani anafukuzwa, akaanza kuchukua mkoba wake.

"Unasema zile za kwanza zilizaa," mama akasema.

"Zilijigawa."

"Zikatoka nyingine, na hizo zikatoa nyingine. Zile zilizokuwa mwilini mwake zimekufa naye, hizi zimebaki."

"Ndiyo, mama."

Machozi yalianza kumshuka, na hakuyafuta. "Mwajabu," aliita. "Mume wako aliacha watoto. Na sisi siku zote tunasema hakuacha kitu."

Kwa miaka sita ya ndoa yao Mwajabu alikuwa amesikia kila aina ya neno juu ya tumbo lake, na mengine yalitoka kwa mama huyu huyu. Aliweka ungo chini, akaja akaketi karibu naye, akamshika mkono.

Nyemo alitaka kusema kwamba seli si mtoto. Kwamba mtoto ana mama, ana sura, hulia usiku, na kile kilichoko kabatini hakitaita mtu bibi. Neno lilifika ulimini. Akawatazama wale wanawake wawili walivyoegemeana, akalimeza. Alikuwa amekuja kusema ukweli wote, na njiani kurudi Dodoma alijua kwamba ameuacha kipande.

*

Ofisi ya msajili ilikuwa chumba cha kawaida chenye feni na bendera. Bwana Lemanya, msajili, alikuwa mtu mpole aliyezungumza kama anayeogopa kumwamsha mtu. Mwajabu na Bi Kuruthumu waliketi benchi la mbele. Dk. Mbonea alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, mikono ameikunja kifuani.

"Mlishaji," msajili alisema, "wewe ndiye uliyekuwa na tishu hii kila siku?"

"Kila alasiri, mheshimiwa. Na Jumamosi."

"Sheria inaniagiza nikuulize swali moja. Unachokilisha ni Swedi Kimolo?"

Nyemo alikuwa hajalala vizuri kwa siku kadhaa, akilipindua swali hilo. Aliwafikiria watoto waliokuwa wodini na wale ambao bado hawajaugua. Aliyafikiria makopo yenye namba. Alimfikiria Mwajabu akipokea salamu. Alikuwa ametarajia kwamba akifika hapa jambo moja litazama na jingine litaelea. Hakuna lililozama.

"Hapana, mheshimiwa," alisema.

"Ni nini?"

"Ni uzao wake."

Nyuma, kiti cha Dk. Mbonea kililia.

"Una hakika?" msajili aliuliza. "Maana daktari wako ameandika kinyume, na sababu zake nimezisoma. Zina uzito."

"Zina uzito. Hata mimi sijaweza kuzijibu." Alimtazama Mwajabu. "Sayansi inaniambia ni hai. Hainiambii ni nani. Nina maneno mawili, mheshimiwa, na yote mawili yana ukweli ndani yake. Mnataka moja. Nimechagua lile linalomwachia huyu dada nafasi ya kuondoka."

"Unajua lile lingine lilikuwa linalinda nini?"

"Najua. Na najua nimeufungua mlango."

Bwana Lemanya alimgeukia Bi Kuruthumu. "Mama mzazi, una pingamizi?"

"Sina, baba," mama alisema. "Mwanangu amekufa."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa yeyote chumbani humo kulisikia neno hilo kinywani mwake.

Muhuri ulishuka. Msajili akanyoosha cheti cha kifo kwa mikono miwili, kwa heshima, na Mwajabu akakipokea. Alikisoma mpaka mwisho. Alitoka nje akiwa amenyooka, akashuka ngazi mbili, na kwenye ngazi ya tatu akaketi.

Aliyekuja kutafuta uhuru wake alilia kama mtu aliyeletewa habari asubuhi ile ile. Alilia kwa sauti, akimwita Swedi kwa jina, akimuuliza kwa nini alipanda mnara bila kamba, akimwambia chai yake ilibaki mezani ikapoa. Miaka mitatu yote ilitoka kwa mkupuo. Bi Kuruthumu aliketi chini kwenye saruji, akamvutia kifuani, akawafunika wote wawili kwa kanga yake.

Watu waliokuwa wakipita barabarani wakasimama. Wanaume wakavua kofia. Mama mmoja aliyebeba ndoo ya nyanya aliitua, akasogea.

"Poleni jamani. Nani amefariki?"

"Mwanangu," Bi Kuruthumu alisema. "Mume wake huyu."

"Lini?"

"Mwaka wa tatu sasa."

Yule mama hakuuliza zaidi. Aliketi nao pale chini, akaanza kulia pamoja nao, kama inavyopasa.

Nyemo alisimama kando ya mlango. Dk. Mbonea alipita, akasimama hatua moja mbele yake bila kugeuka.

"Hukusema uongo," alisema. "Nataka ujue kwamba nimeliona hilo. Kesho alasiri uje, utando hauwezi kukaa na njaa kwa sababu sisi tumegombana."

*

Walikuja kabla ya mvua za kwanza. Walikuwa watu wawili wastaarabu kutoka viwandani, wenye kibali halali na sanduku la joto linalotumia betri. Kibali kiliwapa nusu. Dk. Mbonea aliwaonyesha maabara, akajifungia ofisini kwake.

Aliyekata alikuwa Nyemo. Hakutaka mkono mwingine ufanye. Alipitisha kisu katikati ya mapigo mawili, na zile nusu mbili zikatulia, zikatetemeka, kisha kila moja ikaanza kupiga kwa mwendo wake. Yule mdogo kati ya wageni alibandika namba kwenye sahani yao. Waliondoka wakimshukuru.

Viraka havikukoma, ila vilipungua, na orodha ya watoto ikarefuka. Nyemo aliziona familia zikingoja kwenye korido. Baadhi ya siku alijilazimisha kupita hapo polepole, asijifiche.

Bi Kuruthumu alikaa miezi miwili bila kuonekana. Nyemo alikuwa amekata tamaa. Kisha alasiri moja ya Alhamisi, mvua ikigonga bati, akasikia hodi.

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Alikuwa amelowa begani. Alikung'uta mtandio, akatazama kiti chake kama anayehakikisha hakijapewa mtu. "Mwajabu anakusalimu. Ameolewa, yuko Babati. Amekonda kidogo lakini anacheka." Akaketi. "Wafungulie wajukuu niwasikie."

Nyemo aliwasha spika. Hakugusa kabati, hakufungua mlango. Mapigo yalikuja kwa mwendo ule ule, na mama hakuzungumza nayo. Alisikiliza tu, kichwa kimeinama.

"Wamepungua," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Sauti imekuwa nyembamba. Wengine wako wapi?"

"Wamechukuliwa. Wamevuka bahari. Kwa sababu ya neno nililosema kwa msajili."

Mvua iliongezeka, ikafunika mapigo, ikapungua tena.

"Nani aliwaaga?"

"Mimi," Nyemo alisema. "Niliwalisha kwanza, mama. Ndipo nikawatoa."

Bi Kuruthumu aliitikia kwa kichwa. Akajisogeza pembeni kwenye kiti, akapigapiga kwa kiganja nafasi iliyobaki, naye Nyemo akaketi.